Sekunde Nne Nilizomkwangulia Kelsi

Nilimpoteza binti yangu mchana kweupe, Kansas, kwenye shamba la ngano lililokwisha vunwa, watu thelathini wakiangalia. Hakuna aliyekufa. Hakuna hata aliyepiga kelele.

Naitwa Verlin. Mwaka wa ishirini na mbili huu narusha roketi ndogo, zile za kujifurahisha wikendi. Klabuni kwetu mtu akikwama anaambiwa, "Muulize Verlin." Sifa hiyo ilinilevya, nakiri.

Kelsi, mwanangu wa pekee, alikuwa hajanisemesha miaka miwili. Kisa? Nilimpigia bosi wake simu kwa siri nikamwombea cheo. Ikajulikana, akaaibika ofisi nzima.

Julai akanipigia.

"Baba, nimejenga roketi. Nakuja klabuni kwenu kufanya mtihani wa daraja la kwanza. Nataka uwepo, ila usiguse kitu."

"Sigusi."

"Hata skrubu. Ukigusa tu, mimi na wewe basi tena."

Nikaapa.

Mtihani wenyewe ni huu: roketi unajenga mwenyewe, mota unaiandaa mwenyewe, ipande, ishuke nzima kwa parachuti. Ikivunjika umefeli.

Mota yake ilikuwa nene kuliko kidole gumba, fueli yake ngumu kama raba. Fueli ikiisha, roketi inaendelea kupaa kwa kasi iliyobaki, huku ndani kuna kipande kinaungua polepole. Kikiisha, kinawasha baruti kidogo, parachuti inatoka. Ukikikwangua kikawa kifupi, parachuti inatoka mapema. Ndiyo hesabu yote hiyo.

Kelsi alipiga hesabu yake, akapata sekunde kumi tangu fueli iishe hadi parachuti itoke. Akakwangua, akaweka mota mezani kabla ya kutia baruti, akaenda kununua hotdogi.

Nikaitazama ile roketi. Machoni pangu ilikuwa nzito, haiwezi kupaa muda mrefu hivyo. Sekunde kumi zote za nini? Si itageuka ije chini kichwa kwanza, parachuti ingali ndani? Mwanangu afeli mbele ya watu, na mimi nipo?

Kiherehere kikanipanda. Nikachukua kifaa cha kukwangulia, nikazungusha. Zikabaki sita. Nikapuliza unga, nikairudisha palepale.

Akarudi na hotdogi mbili. Yangu aliitia vitunguu vingi, alikuwa bado anakumbuka. Nikaila yote.

Saa ya kurusha ikafika. Deb, msimamizi wetu wa usalama, akashika kipaza sauti.

Kelsi akanigeukia. "Baba, kila kitu kiko sawa?"

"Kiko poa."

Deb akahesabu tano mpaka sifuri. Ikaruka, nzuri ajabu, imenyooka. Moto ukazima, nikaanza kuhesabu.

Moja. Mbili. Tatu, na bado inapaa kwa kasi.

Kwenye nne nikajua kwamba hesabu ya Kelsi ilikuwa sahihi. Zilikuwa zimebaki sekunde mbili, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuzirefusha.

Sita. Parachuti ikatoka roketi ikiwa bado mbioni. Ikachanika, kamba ikakatika, vipande vikaanguka vimetawanyika shambani.

"Verlin, imekuwaje?" Deb aliniuliza mimi, kama kawaida. Wote wakanitazama.

"Alikwangua kupita kiasi," nikasema. "Wanaoanza hukosea hapo."

Deb akaandika kwenye fomu. Kelsi akaokota vipande vyake, nami nikamfuata hadi kwenye gari.

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona nini?"

"Nilikuwa kwenye foleni. Nilikuona umeshika mota yangu."

"Sasa mbona uliiacha iruke?"

"Roketi nitajenga nyingine. Nilikuuliza, ukasema kiko poa. Nikasema labda ikianguka utasema. Ukanibebesha mimi lawama."

Nilikimbia kwa Deb. "Futa ulichoandika. Ni mimi niliyeigusa mota."

Deb akanitazama sana. "Kufuta nitafuta. Lakini mimi siye niliyekuwa nangoja kuambiwa."

Nilipogeuka, gari la Kelsi lilikuwa limeshaingia barabara kuu.

Septemba nikaona video kwenye ukurasa wa klabu moja ya Colorado. Kelsi, roketi ileile imejengwa upya, sekunde kumi zilezile. Parachuti ilifunguka pale juu kabisa ilipoishiwa mwendo. Amefaulu. Nililia peke yangu jikoni.

Nilimtumia ujumbe wa pongezi na wa kuomba radhi. Umesomwa. Hajajibu mpaka leo, na sina la kufanya zaidi ya kungoja.

Mzazi mwenzangu, mwanao akikuomba usiguse, usiguse, hata kama unajua zaidi. Na ukishagusa, sema mapema. Mimi nilipewa nafasi mbili za kusema, na zote mbili nilijiokoa mwenyewe.