Mashua Iko Kasenga, Skrini Inasema Goma

Mashua ilikuwa Kasenga, imefungwa kamba kwenye kigingi, maji ya mto Luapula yanapita chini yake.

Skrini yake ilisema iko Goma.

Goma, ndugu zangu. Ile ya Kivu. Hata ndege ingeomba kupumzika njiani.

"Ni balozi," akasema Chanda, dereva wa mashua, mtoto wa Kasenga. "Njo banachezea kamashini."

Balozi kwetu ni wachawi. Wale wenye pasipoti na gari za kioo cheusi ni wengine, ingawa tofauti sijawahi kuelezwa vizuri.

Mimi naitwa Dorcelle. Nina kibanda Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, natengeneza redio, televisheni na ampli za makanisa. Uchawi siuogopi. Ninaogopa waya zilizofungwa na shemeji wa mtu.

Mwenye mashua alikuwa Papa Mbusa, Munande, mtu wa Kivu, zamani mwenye mashua ya mizigo kwenye ziwa Kivu. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi alikimbilia Bukavu kwa mashua yake. Bukavu nayo ikaanguka. Watu walibeba magodoro na masufuria. Yeye aling'oa GPS na skrini, akavitia kwenye mfuko, akazunguka navyo mpaka Lubumbashi.

Kila mtu na akili yake.

Akanunua mashua Kasenga, akaweka vyombo vyake, akaniita.

Nikafungua. GPS inasikia satelaiti, skrini inaonyesha. Kati yao kuna waya wa kusema na waya wa kusikia. Fundi aliyenitangulia alifunga mdomo kwa mdomo, sikio kwa sikio. Wote wanaongea, hakuna anayesikiliza. Kama wanasiasa wetu kwenye televisheni.

Na skrini ile, ikikosa habari, ilipangwa kurudi kwenye bandari ya nyumbani. Nyumbani kwa Mbusa ni Goma. Basi, uchawi umeisha.

Nikageuza waya. Nikalinganisha kasi ya kutuma na kasi ya kupokea. Kidoti kikatoka Kivu, kikatua Kasenga. Chanda akapiga kelele kama bao limeingia.

Mbusa akakitazama kidoti kama mtu aliyeambiwa msiba.

"Aksanti, Mama Dorcelle. Umetengeneza muzuri."

Karibu sana, patron, nikasema moyoni. Furaha yako itaniua.

Hata wiki haikuisha, Chanda akapiga simu. "Mama, tumerudi Goma!"

Nikaenda upande wa Naviundu, pembeni ya Lubumbashi, nikapanda lori la Kasenga, nikala vumbi langu lote. Nilipofika nikakuta fishi ya GPS, ile plagi yake, imechomoka nyuma ya skrini. Nikairudisha, nikaizungushia utepe wa skochi mpaka ikavimba kama kidole chenye jipu.

Ikachomoka tena.

"Mama," Chanda akaniuliza kwenye simu, sauti tamu kabisa, "ile skochi yako ya Kamalondo iko na miguu?"

Nikakata simu. Angalau mchawi alikuwa amebadilishwa: sasa ni mimi.

Halafu kicheko kikaisha.

Asubuhi moja ya ukungu, Chanda aliondoka na abiria na magunia ya samaki. Alikuwa ameweka alama za njia yenye kina kwenye skrini, na siku zile aliitegemea kuliko macho yake. Alipofika katikati ya mto ndipo akaitazama: Goma. Kabla hajapunguza mwendo, mashua ikapanda kwenye mchanga na kulala ubavu.

Watu wakaingia majini. Mama mmoja alitembea maji yakimfika kifuani, mtoto wake amemweka juu ya kichwa. Hakuna aliyekufa. Lakini mama yule alipofika kando alitetemeka mpaka jioni, na Kasenga nzima ikajua jina la fundi.

Safari hii nikaenda bila kuaga mtu. Saa ya bukari, ugali wetu, Chanda alipokwenda kula, nikaingia ndani ya mashua, nikajificha chini ya bashi, turubai la mizigo, kati ya samaki wakavu. Nilitaka kumkamata mchawi. Nilikuwa na bisibisi mkononi, kubwa.

Mtu akapanda. Akawasha skrini. Akapitisha mkono nyuma, tak, akachomoa fishi.

Nikaruka. "Nimekukamata!"

Alikuwa Papa Mbusa.

Tulitazamana. Mimi nanuka samaki, yeye ameshika waya wake mwenyewe.

"Papa Mbusa, bantu bangekufa!"

"Minajua." Akakaa. "Siku ile nayo nilisahau kuirudisha. Tangu ile siku silale."

"Sasa kwa nini unachomoa?"

Akaweka kidole kwenye kidoti. "Hapa. Bibi yangu wa ndoa, Perpétue, alibakia hapa ku bandari. Alisema anarudi kuchukua mama yake. Bantu bakasukumana, mashua ikaondoka. Simu yake haipite tena. Niko nangalia tu kidoti, sawa vile yeye iko pale."

Nilikuwa nimeandaa matusi toka Naviundu. Badala yake nikageuza bisibisi kwenye kazi yake.

Nikafunga fishi kwa skrubu, isitoke tena. "Kama unataka kuangalia Goma, Papa, nunua karte, ramani ya karatasi, bandika ku nyumba yako. Hii mashua inabeba batoto ba bantu."

Akaitika. Siku ya pili alikwenda mwenyewe kwa yule mama kuomba msamaha. Nilimsindikiza. Mama alimtukana vizuri, kisha akamkaribisha.

Miezi ikapita. Siku moja Mbusa akaniita Kasenga, sauti imebadilika. Nikadhani waya tena.

Nilikuta mwanamke ndani ya mashua, mikono kiunoni. Alikuwa amezunguka Uganda, Tanzania na Zambia, akaulizia mume wake kanisani kwa Wanande wa Lubumbashi.

Mbusa alikuwa ameshamweleza kuhusu kidoti.

"Wakati wote ulikuwa unaniangalia ku Goma?" Perpétue akamuuliza.

"Kila siku."

"Goma nilitoka siku ile ile! Nilivuka mupaka na mama, weye ulikuwa haujafika hata Bukavu!"

Mbusa akaanguka juu ya magunia, akacheka mpaka machozi. Perpétue naye akajaribu kuendelea na hasira, ikamshinda.

Basi, ninyi munaosoma hapa na kukaza macho pale mulipoachana na mtu: ulizeni watu, tumeni habari, zungukeni makanisa. Pale alishaondoka.

Na mafundi wenzangu: kabla ya kulaumu waya, mwangalieni kwanza mwenye mashua.

Skochi, nayo, haina miguu. Chanda bado anangoja kuniomba msamaha.