Kabichi za Roshani ya Mzee Luan

Mara ya kwanza Sui Guizhen alipopanda kwa Mzee Luan, alifuata kitu kimoja tu: ukingo wa roshani, ule wa chuma chenye maua waliouacha Wajerumani walioijenga nyumba ile hapa Qingdao, pwani ya Uchina. Sui hununua milango na vyuma vya nyumba za kale, na kuwauzia wenye mikahawa.

"Ngoja tumalize kabichi," alisema Luan.

Kabichi, akiba ya majira ya baridi ya ghorofa nzima, zilirundikwa ndani ya mlango wa roshani hadi kiunoni. Sui akangoja. Aliporudi, baridi inakaribia kwisha, rundo lilikuwa vilevile, na za chini zinaoza. Watu wa Qingdao waache kabichi zioze? Akanusa jambo.

"Mzee, hizi hamzili. Unaziba nini?"

"Wewe na pua yako! Nenda kwa jirani."

Mara ngazi zikalia. Mpiga picha huyo, na maharusi nyuma yake. Maharusi hawaachi nyumba ya Kizungu bila picha. Bibi harusi akakunja gauni lake jekundu, akapanda rundo, mguu mmoja tayari nje ya mlango.

Luan alimvuta mkono, kabichi zikaporomoka. "Unataka kuolewa au kuzikwa?"

"Mzee, utanichania! Gauni la kukodi hili!"

Walipoondoka wakilaani, Luan alimweleza Sui ukweli. Alikuwa mchomeleaji wa meli, kutu aliijua. Mihimili iliyobeba roshani ilikuwa imelika. Lakini ofisi ya nyumba ya serikali ingesikia, ingefunga jengo na kuwahamishia wote ng'ambo ya ghuba.

"Mke wangu haoni," alinong'ona. "Humu anapapasa kuta, anapika mwenyewe. Huko atakaa kitini kama mzigo."

"Na roshani ikimwangukia mtu?"

"Unadhani mimi nalala?"

Sui akapiga hesabu. Jengo likifungwa, hata msumari hautoki. "Nina mihimili ya ghala lililovunjwa. Utachomelea mwenyewe. Ukingo nachukua mimi."

"Uniletee na ukingo wa mabomba badala yake."

"Mihimili tu, mzee. Usinikamue."

"Na mimi jua langu niliote wapi?" mke akauliza kutoka jikoni.

Luan akachomelea mihimili, Sui akang'oa ukingo.

Mihimili ile, kama Sui angeiuza yenyewe, ingemlipa kuliko ukingo. Aligundua baadaye, akaumia. Luan sasa analala. Mlango wa roshani isiyo na ukingo ameupigilia misumari, na mkewe huota jua kupitia kioo, akilalamika kwamba halifiki miguuni.