Jumapili ya Tatu

Hapa Kasulo neno ni moja, pui. Shimo la maji ni pui, shimo la kobalti ni pui vilevile. Tulilitoa kwenye Kifaransa na hakuna aliyeona haja ya kutafuta la pili. Mimi nilikuwa na pui ya maji, nikatamani pui nyingine, na leo nina mashimo mawili nyuma ya nyumba ambayo hata kutupia takataka naogopa.

Parseli yetu, kiwanja hiki, bwana yangu aliinunua wakati bei ya shaba ilianguka na watu walikuwa wanafunga mizigo kurudi kwao. Walimcheka sana. Yeye alisema tu kwamba udongo haukimbii. Kisha akachimba kisima, kiangazi kizima, kila jioni akitoka garaji, mimi nikivuta ndoo za udongo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Maji yalitoka matamu, mama ee! Mtaa mzima ukaja na ndoo na bidoni zao, nami nikaitwa mama wa maji. Watoto wetu wanne walisoma kwa pesa ya maji yale.

Halafu joto la kobalti likaingia. Jirani wa kushoto alitoboa sebule akitafuta jiwe. Wa kulia alitoboa jikoni, sufuria akahamishia barazani. Kila mtu alikuwa anaongea bei, kanisani, sokoni, hata matangani. Bwana yangu hakutikisika. Aliniambia, "Bei ni makelele ya batu. Maji ni kiu ya batu. Makelele inanyamazaka, kiu hapana."

Alikuwa na sheria moja, nayo ilinichosha kweli. Jambo lolote kubwa haliamuliwi kabla ya Jumapili tatu kupita. Kununua baiskeli, Jumapili tatu. Kuoza binti, Jumapili tatu. "Siku ya kwanza moyo njo unasema," alizoea kuniambia. "Ngoja moyo uchoke, akili nayo iseme." Mimi ni mtu wa moto. Nilimwambia kwamba kwa mwendo wake hata kufa ataomba Jumapili tatu. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Ijumaa moja kikundi cha wachimbaji kilikuja kwetu. "Tata, mama, bei iko muzuri sana ku madepo ya kuuzisha mawe," mkubwa wao alisema. "Mutupatie tu kipande kule nyuma, tutagawana." Bwana yangu aliwasikiliza vizuri, akawapa maji wakanywa. Akawaambia, "Tutajibu kisha Jumapili tatu." Mimi nikanuna, naye akaona. Kesho yake habari ikafika kwamba kaka yake mkubwa amefariki Kamina, naye akaondoka kwenda kuzika.

Jumapili ya kwanza nilienda kusali Manika, peke yangu. Mlangoni nikakutana na mama mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa akikopa maji kwangu. Sasa amevaa kitenge kipya cha wax, kilemba juu kama mnara. "Mama wa maji! Bado uko nauzisha maji tu?" Wenzake wakacheka. Sitadanganya, niliona wivu mpaka sikumbuki hata neno moja la mahubiri. Nilipopanda taxi-moto kurudi nilikuwa nimeshaamua. Sikungoja hata ya pili.

Jumatatu niliwaita wachimbaji. Jirani yangu wa mbele, mama wa familia ya Waislamu kutoka Maniema, aliwaona wakishusha sepetu akaja hadi getini. Huyu kila asubuhi nilikuwa nikimwongezea matabisi, birika moja ya bure, kwa ajili ya udhu wake. "Dada," alisema polepole, "usiache mbachao kwa msala upitao." Nilimjibu kwamba mithali zake akawafunze watoto wake. Leo yeye ndiye aliye na pampu, nami napanga mstari kwake na bidoni yangu. Ananiongezea matabisi kila siku, na hajawahi kunikumbusha. Afadhali angenitukana.

Walichimba hatua chache tu kutoka kisimani. Mimi ndiye niliyewaonyesha pale, kwa sababu udongo wa upande ule ulikuwa laini na nilitaka wamalize haraka. Wiki ya pili wakapita kina cha kisima, wakakuta maji, wakaleta motopompe ya kuyavuta. Maji yakatiririka barabarani mchana kutwa. Mimi mjinga nilisimama pale nikifurahi kwamba kazi inaendelea. Sikujiuliza yale maji yanatoka wapi. Jumamosi nilitupa ndoo yangu kisimani, ikarudi na matope.

Jiwe walilopata lilikuwa jepesi, kobalti kidogo tu ndani yake. Depo la kwanza walilikataa, la pili walilikataa, na wiki hiyohiyo bei ikaanza kushuka. Wakafungasha pampu yao. "Pole, mama," mkubwa wao alisema, na kweli alikuwa na huruma. Nilitafuta wa kumkasirikia, nikakosa. Hakuna aliyenishika mkono kunilazimisha.

Jumapili bwana yangu alifika, vumbi la njiani mpaka kwenye nyusi. Hakuzunguka nyuma. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, viatu bado miguuni.

"Mama, nipatie maji yetu. Maji ya kule ilinishinda."

Nilikuwa na maji ya kununua, yaliyotoka Manika. Nikamimina kikombe, nikampa. Alipiga funda moja, akalishikilia mdomoni. Akaangalia ndani ya kikombe.

"Hii haiko maji ya kwetu," akasema.

Aligeuka akautazama uso wangu, na nadhani alisoma yote pale.

"Leo njo Jumapili ya tatu," akasema. "Njia yote nilikuwa natafuta namna ya kukuambia hapana bila kukukasirisha."

Kisha akamaliza kile kikombe, maana alikuwa na kiu.