Kamusi Tatu za Fundi Viatu

Fundi viatu wa mkabala na stendi alikuwa na kidole kimoja tu kilichojua Kigiriki. Vingine tisa vilikuwa vimeota sugu kwa gundi na nyundo, na kioo cha tableti hakikuvitambua kabisa. Angegonga mpaka kesho. Lakini kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho hakijawahi kushika kazi ya maana tangu kizaliwe, kilikuwa laini kama cha mtoto. Hicho ndicho alichofungulia Biblia.

Na si Biblia ya kusoma tu. Tableti aliletewa na bintiye, mwalimu wa kompyuta, ikiwa na programu ya kuchambua Maandiko neno kwa neno. Ukigusa neno, linajitokeza lile la asili, la Kiebrania au la Kigiriki, pamoja na maana zake na orodha ya kila mahali lilipotumika. Humo mlikuwa na kamusi tatu, ramani, na itifaki, ile faharasa ya kila neno la Biblia, ambayo ingekuwa ya karatasi ingehitaji mkokoteni. Pembeni ya kila aya palikuwa na nafasi ya mtu kuandika maoni yake.

Fundi aliishia darasa la saba. Baada ya miezi sita na kidude hicho, akawa anawauliza wateja kama wanajua neno fulani lina maana ngapi katika lugha ya asili. Aliwauliza wakiwa wamesimama mguu mmoja, kiatu cha mguu wa pili kikiwa mikononi mwake, kwa hiyo pa kukimbilia hawakuwa napo. Hawakujua. Akawaeleza. Watu wakampachika jina la Mzee Kamusi, na yeye, maskini ya Mungu, akadhani ni sifa. Mkewe alikwisha kumwambia kwamba chai inapoa kwa Kiswahili, haisubiri Kiebrania, lakini wapi.

Ukweli ni kwamba tableti ile ilikuja kuziba pengo. Mama yake alikuwa na Biblia yake, ikikaa ndani ya mfuko wa kitambaa wenye kifungo, na kwa miaka arobaini aliiandika pembeni kwa penseli. Akiandika alitabasamu, na ukimsogelea aliifunga. Fundi alikua akiamini kwamba mle ndani mna hekima ya kutosha ukoo mzima, na kwamba siku moja itakuwa yake, maana ndiye kifungua mimba. Mama alipofariki, watu wametoka makaburini na vumbi bado liko miguuni, fundi akauliza Biblia iko wapi. Mdogo wake akajibu kwamba ameiweka ndani ya jeneza, chini ya mikono ya mama. Hakuuliza mtu. Alipobanwa aeleze kwa nini, alisema tu aliona ndiyo vizuri.

Miaka miwili hawakusemezana. Na huyo mdogo mtu ni fundi saa, kibanda chake kinatazamana na cha kaka yake, barabara katikati, kwa hiyo kila mmoja alijua mwenzake amekula nini mchana na amepiga chafya mara ngapi. Salamu zilipitia kwa mke wa fundi viatu, ambaye alizifikisha akiwa amenuna.

Kanisani, fundi ndiye aliyefundisha darasa la Biblia la watu wazima, kila Jumapili baada ya ibada, na alilipenda darasa lile kuliko chakula. Mchungaji, mama mmoja wa maneno machache, ndiye aliyepanga masomo. Mwezi ule alipanga somo la kusamehe. Akamwita fundi ofisini, akamwambia atafurahi sana kumsikia, na kwamba akimaliza somo hilo na bado hajamsalimia ndugu yake, basi darasa litatafutiwa mwalimu mwingine. Alisema hivyo huku akimmiminia maji ya kunywa, kwa upole, ndiyo maana fundi alikosa hata pa kukasirikia.

Kulipoteza darasa hakutaka. Kusamehe hakutaka vilevile. Akaamua atafundisha somo lote kwa Kigiriki, maana nyingi, aya nyingi, mpaka watu wasinzie na mchungaji asahau alichosema.

Jumapili ikafika. Kanisa lilikuwa limepata projekta, na binti wa fundi alikuja mwenyewe kuunganisha tableti ili kila kitu kionekane ukutani. Watu thelathini na kitu walikaa. Fundi saa alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali pake pa siku zote. Fundi viatu akasimama amechomekea shati, akakohoa, akasema wataanza na mfano mwepesi wa jinsi programu inavyofanya kazi. Akagusa aya yoyote iliyomjia, ile ya Mithali kuhusu mtu anayembariki rafiki yake kwa sauti kubwa alfajiri na mapema, ikahesabiwa kuwa laana.

Kwenye tableti, maoni yake yalionekana kama alama ndogo ya njano tu, hata mbu angeipita. Hakujua kwamba ukutani yanajifungua yenyewe, herufi kubwa kama za bango. Pembeni ya aya pakatokea: *Kiongozi wa kwaya. Kila Jumamosi, saa kumi na mbili kamili.*

Darasa likaangua kicheko. Kiongozi wa kwaya alicheka pia, ila kwa kuchelewa. Fundi akapapasa kuondoa, na kwa ile hofu akatumia kidole cha shahada, chenye gundi ya wiki nzima. Kioo hakikumjibu. Akagonga tena, akabonyeza kwa nguvu, kisha akakumbuka kidole kidogo, lakini kwa haraka kikagusa pasipotakiwa. Kurasa zikaruka. Ukuta ukaonyesha kwamba mke wake anakaribia kufanana na mke mwema wa Mithali, isipokuwa siku za kufua. Kwamba mhasibu wa kanisa anafaa kusoma Mhubiri na kupumzika. Kwamba mchungaji anahubiri vizuri akiwa na njaa. Binti yake alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakitikisika. Mke wa fundi alikuwa anasoma kwa makini sana, kama mtu anayekariri.

Kisha zikasimama. Zilisimama kwenye aya aliyoifungua mara nyingi kuliko zote, ile inayosema ndugu yako akikukosea mara saba kwa siku, na mara saba akarudi kwako, umsamehe. Maoni yake hapo yalikuwa marefu, yenye tarehe.

*Nimetafuta kwa Kigiriki. Kusamehe: kuacha, kuachilia, kuondoa. Maana ya kukwepea haipo.*

*Kamusi ya pili. Hivyo hivyo.*

*Labda "ndugu" hapa ni wa imani tu, si wa tumbo moja. Nimeangalia. Wa tumbo moja wamo.*

*Kamusi ya tatu. Hivyo hivyo. Ila yeye hajarudi kwangu hata mara moja.*

*Wala mimi sijavuka barabara.*

Safari hii hakuna aliyecheka. Fundi aliinamisha kichwa. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha, na chini ya aibu ile palikuwa na huzuni ambayo kwa miaka miwili alikuwa akiiita hasira. Nyuma, kiti kikakwaruza sakafu.

"Kaka," fundi saa akasema, "kamusi ya nne unayo?"

"Sina."

"Basi njoo nje."

Mchungaji akasimama, akaomba wimbo, na kiongozi wa kwaya, ambaye alikuwa na deni la sauti kubwa asubuhi ile, akauanzisha. Fundi akatoka na tableti yake kwapani, waya ukining'inia. Wakakaa kwenye ngazi za mlango wa pembeni. Fundi saa akasema kwamba usiku wa msiba aliifungua Biblia ya mama, atafute aya ya kusoma kaburini. Mama hakuandika hekima yoyote. Alikuwa ameandika watu.

"Kila penye kiburi alikuandika wewe, kaka."

"Kila pahali?"

"Kila pahali. Na penye hasira pia. Majirani ni wengi mno humo, na shangazi wote. Na waombolezaji walikuwa wameanza kuiulizia waipitishe mkono kwa mkono. Nikaona aende nayo."

Miaka miwili fundi alikuwa amemnunia mtu kwa kumstiri.

"Na wewe alikuandika wapi?"

"Kwa wavivu. Na mara moja kwa waongo."

Fundi akacheka, kicheko kikamgeukia katikati, akapangusa macho kwa mkono wa kushoto. Kisha akauliza kuhusu hii aya yenyewe, ya ndugu na mara saba, mama alimwandika nani hapo.

"Hapo alijiandika mwenyewe," mdogo wake akasema. "Penseli ilikuwa imefutwa na kurudiwa, mpaka karatasi imechakaa."

Ndani walikuwa wamefika ubeti wa tatu. Fundi akaweka tableti magotini, akafuta kamusi zote tatu, akataka kuandika pembeni ya aya ile, lakini kidole kidogo kilikuwa kimelowa machozi na kioo kikakikataa nacho. Fundi saa akanyoosha mkono. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, vilivyozoea vitu vidogo.

"Lete. Nimwandike nani?"

"Niandike mimi."

Akaandika. Alipomaliza akajiongeza na yeye chini yake, bila kuombwa. Kisha akaisogeza tableti karibu na jicho, kama anavyofanya kazini, akasema saa ya hicho kidude iko nyuma dakika nne.