Sufuria Juu ya Kitanda

Mama yangu hanunui pweza mpaka amuulize muuzaji kamchokoa wapi, lini, na alikuwa na nani. Akishajibiwa humgeuza pweza, humnusa, halafu huuliza yale yale kwa maneno mengine aone kama majibu yatagongana. Wachuuzi wa Wesha wanamjua, na wengine wakimwona anateremka bandarini hujitia wana shughuli. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusoma Nairobi, na chuo kikasema mabweni yamejaa, kila mgeni ajitafutie pa kulala, nilijua kazi ninayo.

"Bila ya nyumba niliyoiona mie, huendi," alisema. Hakupandisha sauti. Mama akipandisha sauti kuna nafuu.

Ataionaje naye yuko Pemba? Hilo lilikuwa langu, si lake. Hatukuwa na ndugu wala jamaa kule. Kwetu mtu haanzi kwa kuonyeshwa chumba. Huanza kwa kuulizwa yeye ni wa nani, na jibu likieleweka ndipo mlango hufunguliwa. Nairobi sikuwa wa mtu yeyote. Nilikuwa namba ya simu tu.

Dalali wa kwanza nilimpata mtandaoni. Akanitumia picha za chumba kizuri mno: pazia jeupe, meza ya kusomea, kitanda kimetandikwa hakina hata kunyanzi. Nikampelekea mama simu barazani, alikokuwa akichambua karafuu. Akaitazama sana, vidole vikiendelea kunyofoa.

"Chumba hichi hakijalala ntu," akasema.

"Ndiyo maana kinapangishwa, mama."

"Hata nsumari wa kutungikia nguo hakina? Mwambie achukue sufuria, aifudikize juu ya kitanda, apige picha."

"Sufuria?"

"Sufuria. Picha ya kitanda ataiiba popote. Ya kitanda chenye sufuria ataiiba wapi?"

Niliona haya kuandika maneno yale, lakini nikaandika. Dalali akacheka kwa vikatuni. Kisha akasema wateja ni wengi, nitume arubuni leo hii. Nikarudia habari ya sufuria. Akanirushia picha ile ile ya mwanzo, na nilipomkumbusha mara ya tatu akaniita mwendawazimu, akanifungia. Mama hakusema kuwa alijua. Alitabasamu tu, na tabasamu lile lilinikera kuliko maneno.

Wa pili naye aliikimbia sufuria. Wa tatu akaileta, nikapiga kelele za furaha, lakini mama akaona dirisha liko chini mno, kila apitaye atachungulia. Wa nne naye akaileta, dirisha liko juu. Mama akauliza kwa nini hakuna sauti ya jirani hata mmoja kwenye video aliyoituma. Masomo yalikuwa yamekaribia kuanza. Hapo ndipo nikaanza kumshuku mama mwenyewe.

"Wewe hutaki niende!" nilimwambia, na nilisimama kwa hasira nikapiga teke ungo, karafuu zikamwagika. "Hata wakituletea nyumba nzima hapa Wesha utaitia kasoro!"

"Sitaki," akajibu, akizizoa karafuu taratibu. "Nani kakwambia nataka? Lakini nilisema nikiiona utakwenda, nami simwongopei mwanangu. Tafuta."

Nikatafuta, nimenuna. Kwenye kundi la wanafunzi wageni nikaelekezwa kwa mwanamke mmoja mtu mzima anayepangisha chumba cha uani kwake. Nilimwandikia habari ya sufuria bila hata kueleza, nimeshachoka kuona haya. Picha ikaja upesi: sufuria kubwa yenye masizi matakoni, imefudikizwa juu ya shuka lililopauka. Ukutani kulikuwa na misumari mitatu. Nyuma yake ikaja sauti.

"Nimekupa sufuria yako. Sasa mimi nitajuaje nyinyi si wakora? Watu wa simu wamenisumbua sana. Ambia mama yako asimame kwa mlango yake, ashike kiatu moja, unitumie picha."

Mama aliruka. "Mie? Mie wa kutiliwa shaka? Aulize Wesha nzima!"

"Hamjui mtu Wesha, mama."

Akajipangusa mikono. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa buibui lake la sikukuu, akasimama mlangoni ameinua kiatu cha baba, uso umekunjamana kwa hasira. Nilicheka mpaka picha ya kwanza ikaharibika.

Baada ya alasiri yule mwanamke akapiga simu. Mama akauliza funguo hukaa na nani, maji yanatoka siku zipi, ni wanaume gani wanaoingia uani. Akajibiwa. Akauliza tena kwa maneno mengine. Majibu hayakugongana.

"Na huyu msichana, yuko namna gani?" mwanamke akauliza.

Mama akanitazama, kama vile na yeye ndiyo kwanza anaulizwa.

"Ana hasira za haraka," akasema. "Haibi, haongopi. Akinyamaza sana, ngongee nlango."

"Nitamgongea, mama."

Waliagana. Nikangoja shaka nyingine, kwa sababu lazima ingekuwepo: dirisha, majirani, kuta. Mama akanirudishia simu.

"Basi," akasema. "Sina la kuuliza tena."

Nilikuwa nimelitaka neno hilo kwa wiki nyingi, na lilipokuja nilitamani alirudishe. Nikaifungua picha ile upya na kuikagua mwenyewe, shuka, misumari, sufuria, nikitafuta kasoro moja tu ya kumwonyesha. Sikuiona. Mama aliuvuta ungo, akaokota kikonyo ambacho karafuu zake zilikwisha kutoka, akaanza kukinyofoa, na mimi sikumwambia kuwa hakina kitu.