Tazama Pembeni

Mama mdogo Chuskit alikuwa na neno moja kwa kila mgeni kabla hajainamia darubini: usikitazame, tazama pembeni yake. Vitu hafifu vya angani vina tabia hiyo. Ukivikodolea macho vinapotea, ukipeleka jicho kando kidogo, kama mtu anayemchungulia jirani, vinajitokeza. Mimi nilidhani ni uchawi mpaka mwalimu wa sayansi aliponieleza kwamba gizani jicho huona vibaya hasa pale katikati.

Nakaa kwake tangu darasa la sita, maana wazazi wangu wanahamahama na mbuzi huko juu kwenye nyanda za Changthang, na shule iko huku. Mumewe, baba mdogo Mutup, anaendesha lori la mafuta ya taa. Kijiji kizima kinamjua kwa jambo moja: hasemi uongo, hata ule wa kumfurahisha mtu. Siku ya harusi yake alimwambia mama mkwe kwamba supu imezidi chumvi.

Darubini haikuwa yetu. Kamati ya anga iliwakabidhi kina mama watano, kila mmoja yake, wawaonyeshe wageni. Haikuwa na mota. Na kwa kuwa nyota hazitulii, ukishakipata kitu lazima uwe unaisukuma kwa mkono, kidogo kidogo, kisikuponyoke. Wenzake walisukuma huku wakichungulia. Mama mdogo alisukuma kwa tasbihi: sala kumi na mbili, punje kumi na mbili, kisha kidole kimoja kinaligusa bomba la darubini. Wageni waliona ni uchaji.

Mimi niligundua ukweli kiangazi kilichopita, alipomimina chai ya siagi nje ya kikombe. Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nyota kubwa bado aliziona, zimevimba kama taa kwenye mvuke. Alianzia kwenye hizo, akapima njia kwa vidole, akafika. Mgeni akiinama na kuvuta pumzi kwa mshangao, hapo ndipo yeye alipojua kwamba amefika.

Alinishika mkono. "Ukisema, wataichukua. Unataka nirudi kuwa mke wa dereva tu?"

Nikanyamaza. Hospitali angeenda, alisema, wageni wakiisha.

Mwezi wa kumi habari ikaja: darubini mbili zimevunjika vioo, zimebaki tatu, kwa hiyo kina mama watano watapimwa. Mzee Nurboo wa kamati alipanda kutoka mjini Leh na daftari lake. Kila mmoja apewe nusu saa atafute galaksi namba 891, mkwaruzo mwembamba wa ukungu ambao hata mwenye macho mazima hupata taabu nao. Akiipata, mtu mzima wa nyumbani kwake ahakikishe kwanza, ndipo mzee aitwe kutoka jikoni alikokuwa anaota moto. Mzee anaitwa mara moja tu.

Mama mdogo hakumaliza hata dakika kumi. Nilikuwa nimeegemea ukuta, nikasikia tasbihi imeanza kutembea, nikajua amefika.

"Mutup, njoo uone kama ipo."

Baba mdogo alivua kofia, akainama. Tangu darubini iingie nyumbani kwake hakuwahi kuweka jicho pale. Jioni alikuwa barabarani au amelala.

"Hakuna kitu."

"Hakuna?"

"Giza, na vinyota vitatu vimekaa kama mafiga."

"Angalia vizuri."

"Ndivyo ninavyoangalia, Chuskit. Ningekudanganya ili iweje?"

Na mimi pale ukutani nikawaza kwamba macho yamemsaliti mama mdogo. Yeye mwenyewe aliwaza hivyohivyo, kwa sababu aliligeuza bomba akaanza upya. Lakini tasbihi ikaanguka miguuni pake, hesabu ikampotea. Nusu saa ikaisha. Asubuhi darubini ilibebwa ng'ambo ya kijito, kwa Dechen.

Katikati ya majira ya baridi baba mdogo alipeleka mafuta kwa Dechen. Dechen ana mdomo. Alimvuta hadi kwenye darubini, akamwambia asikodoe kama mbuzi, atazame pembeni, kama anavyowatazama wasichana wa sokoni Leh mkewe akiwa karibu. Baba mdogo akatazama pembeni.

Alirudi nyumbani akaketi bila kuvua buti. Mama mdogo alikuwa anakanda unga.

"Chuskit. Usiku ule ilikuwepo."

Hakuacha kukanda.

"Vile vinyota vitatu ndivyo vilevile. Mkwaruzo wenyewe uko kando yake. Niliukodolea macho."

"Watu wanatoka Mumbai," alisema mama mdogo, "usiku mmoja tu wanajua pa kuweka jicho."

"Hukuniambia nitazame pembeni."

"Hayo huwa nawaambia wageni," alisema. "Sikujua kwamba na wewe ni mgeni."

Baba mdogo aliinama, akaanza kulegeza kamba za buti.

Macho ya mama mdogo yalitibiwa mwezi wa nne, yote mawili. Sasa anaona hadi mawe ya upande wa pili wa kijito. Baba mdogo amemwambia mara tatu kwamba atamsindikiza kwa Dechen akaitazame ile galaksi, naye kila mara ana unga wa kukanda. Jua likizama hushusha mapazia meusi madirishani, dirisha kwa dirisha, akabana pembe zake kwa mawe, mwanga wetu usije ukaiharibu anga ya Dechen.