Boti ya Mafuriko na Mashine Yangu ya Leza

Mto ulipofurika Garissa, nilikuwa likizo nyumbani kutoka bandari ya Mombasa, ambako kazi yangu ni kupima meli kwa mashine ya leza. Wazee wakaniomba nipime boti iliyoletwa kuvusha wagonjwa, wajue itabeba watu wangapi.

Nilisimama nyuma ya boti na mashine yangu. Adeer Abdi, mdogo wake baba, akashika ubao kule mbele ili mwanga upate pa kugonga. Adhana ya adhuhuri ikalia. Nilijifanya sijasikia, macho yangu yakabaki kwenye namba. Zilipotulia, nikatangaza kwa majivuno kwamba wagonjwa wote watavuka safari moja. Boti yenyewe niliiona fupi, lakini nani angebishana na leza?

Watu walipopanda, boti ikajaa hadi maji yakakaribia kuingia, na mama yangu bado amekaa nchi kavu na homa yake. Shekhe akauliza imekuwaje. Adeer Abdi akanitazama kwa huruma.

“Mimi ubao niliweka chini, nikaenda kuswali,” akasema. “Wewe ulipima mpaka ukuta ya msikiti.”